Nyuma ya Pazia la Baba Mkwe

Tangu wakati wa kupanda mpunga, Mzee Zakaria alikuwa akienda choo na kutoka damu. Mwanawe Placide alimtoa kijijini Lusangi kwa pikipiki hadi mjini Kasongo. Pale hospitali wakaambiwa kwamba daktari anayejua vizuri kupima utumbo kwa kamera ni mmoja tu: Darlène, mke wa Placide.

"Unirudishe," mzee akasema. "Afazali nikufe."

Darlène aliyasikia akiwa koridoni, na nusu yake ilishukuru. Tangu aolewe, kwa heshima ya ukwe, hakuwahi hata kumpa mkono baba mkwe wake, angemwonaje uchi? Lakini mzee alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea.

Mwenzake, Daktari Clovis, aliweza kuingiza kamera, ila masomo yake ya mtandaoni hakuyamaliza, na mkono wake ulikuwa wa haraka. Wa Darlène pia ulikuwa hivyo, mpaka mwalimu aliyekuwa nchi nyingine alipomkaripia kwa simu: unatoka mbio, utaacha ugonjwa ndani. Mwalimu yule hakuwahi kumwona mgonjwa wa Darlène hata mmoja. Kwa mtandao aliona picha za kamera tu.

Picha tu! Darlène akamwita mumewe.

"Hatakuona, baba," Placide akaenda kumweleza mzee. "Docta Clovis ndiye ataingiza kamera; yeye ataona utumbo tu kwa skrini, nyuma ya pazia."

Mzee akageukia ukuta. "Basi nisisikie sauti yake."

Kesho yake, baada ya dawa ya kusafisha tumbo, pazia lilifungwa katikati ya chumba, skrini ikawekwa mwisho wake ili madaktari wote wawili waione. Clovis akaingiza kamera mpaka mwisho wa utumbo, akaanza kuitoa. Kuta zikapita kama barabara mbele ya pikipiki.

"Polepole," Darlène akanong'ona.

"Kuko safi, Docta. Hakuna kitu."

"Rudi nyuma ya ule mukunjo."

"Nimeisha kuangalia."

Kamera ikazidi kutoka.

"Umepita, haukuangalia! Rudi, Clovis!"

Sauti ilijaa chumba kizima. Mzee akaguna. Darlène akaziba mdomo, lakini Clovis alikuwa amekwisha kurudi. Mkunjo ukafunguka, nyuma yake kinyama chekundu kikivuja damu.

Sasa hapakuwa na cha kuficha. "Kizungushie kitanzi cha waya," Darlène akasema. "Kaza kidogo. Hapo. Kata."

Kikakatika. Damu ikatoka, ikapungua, ikakoma.

"Ni nani iko anakutuma hivi?" mzee akauliza.

Clovis akatupia jicho pazia. "Ni mashini, baba."

"Mashini iko kali." Mzee akavuta pumzi. "Uiambie aksanti."

Upande wa pili Darlène akapiga magoti, kama mkwe apasavyo, ingawa hakuna aliyemwona.