Kitanda cha Kwanza

Tulimwita Sista Daftari kwa sababu ya daftari lake la jalada gumu, alilolibeba kwapani miaka ishirini na sita katika wodi ya wanawake. Kila mgonjwa alikuwa na ukurasa wake humo. Aliyezidiwa alihamishiwa kitanda cha kwanza, karibu na meza yetu wauguzi, na dawa zake zikamfuata.

Kisha akaja mtengeneza programu ya kompyuta, ichukue nafasi ya daftari. Siku mbili alikaa ofisini kwa mganga mkuu. Wodini alipita kama mtu aliyerudia mwavuli aliousahau. Yule bwana alinichefua, sifichi. Alitandaza karatasi yenye visanduku na mishale: kitanda, dawa, muuguzi, saa.

Sista Daftari aliitazama weee. "Kaka, mgonjwa yuko wapi hapa?"

"Ndiye huyo, kitanda. Si nimewasikia wenyewe? 'Namba saba anaomba maji.'"

Tukaangua kicheko, maana kweli ndivyo tunavyosema. Sista hakucheka.

"Vitanda havihami, kaka. Watu ndio wanaohama. Kaa nasi zamu moja tu, uone."

"Tutarekebisha baadaye, sista."

Hakurekebisha. Mgonjwa alipohamishwa, dawa zilibaki kwenye kitanda chake cha zamani; Sista alizihamisha kwenye kompyuta mwenyewe, moja moja. Halafu akastaafu, akatuachia kazi hiyo.

Juzi alirudi kwa machela, mapafu yamejaa maji. Nilimlaza kitanda cha saba. Jana asubuhi akazidiwa, tukamleta cha kwanza. Bibi wa kisukari aliyekuwapo akaenda cha saba. Wodi ilikuwa imefurika. Nikajiambia dawa nitazihamisha nikipata nafasi ya kupumua.

Saa nane mchana ndipo nilipokumbuka. Nikaikimbilia kompyuta. Kitanda cha kwanza, sindano ya insulini: alama ya kijani. Imeshatolewa. Muuguzi mgeni alikuwa amepita na trei yake, akifuata skrini kama alivyofundishwa.

Sista Daftari hajawahi kuugua kisukari maishani mwake.

Nikamshika mkono. Ulikuwa umelowa jasho la baridi. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika sindano, na mimi ndiye niliyemsahau.

"Glukosi!" nikapiga kelele. "Haraka, namba moja anazimika!"

Muuguzi mgeni akaja mbio, chupa ya maji ya sukari mkononi. Kisha akasimama mbele ya skrini, aone kwanza kama kitanda cha kwanza kimeandikiwa glukosi.