Fundi wa Mishipa ya Masikio

Yule mtu nilimdharau tangu alipofungua mdomo, lakini nikampelekea dada yangu hata hivyo. Hilo sijajisamehe.

Aliingia mji wetu wa Kasongo kwa pikipiki kutoka upande wa Salamabila, shati jeupe, kalamu nne mfukoni, na sikumwona akiandika hata kwa moja. Ndani ya kisanduku chake mlikuwa na betri, waya, na kibanio cha kubana sikio. Alitangaza kwamba umeme mdogo ukipita kwenye mshipa wa sikio unafika kichwani na kuzima kifafa. Si kwa kila mgonjwa, alisema. Yeye peke yake ndiye alijua mapema nani atapona.

Yaya yangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alikuwa anaanguka kifafa karibu kila wiki. Mkono wake wa kushoto una kovu la moto wa jikoni, kutoka kiwiko hadi vidoleni. Alikuwa anameza vidonge vya hospitali, ila yule bwana alikuwa ameonya kwamba vidonge vinafunga mshipa. Mgonjwa aviache siku tano kabla ya kupimwa. Yaya akaviacha. Na mimi, mwalimu wa darasa la sita, nikanyamaza.

Tulikaa kwenye foleni asubuhi nzima, katika ua wa mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Fundi alishika sikio la kila mtu, akafumba macho kama anayesikiliza redio.

"Unaangukaka mara ngapi?" alimuuliza mvuvi wa Nyangwe.

"Mara moja tu, tangu mavuno ya mupunga."

"Mushipa unakubali!"

Watu wakapiga makofi, mvuvi akalipa ili abanwe sikio. Akafuata mama mmoja.

"Naangukaka kila siku ya Mungu."

"Mushipa umekufa, mama. Pole."

Nilisikiliza wagonjwa kumi na zaidi. Aliyeanguka mara chache, mshipa ulikubali. Aliyeanguka sana, mshipa ulikufa. Alikuwa anachagua wale ambao wangekaa miezi bila kuanguka hata kama angewabana kwa koleo! Kisha miezi hiyo anajipa sifa. Mwanafunzi wangu mzembe kuliko wote angeiba kwa akili zaidi.

Yaya alipoambiwa wake umekufa, nilisimama nikasema nilichokiona.

"Mwalimu," alinijibu akitabasamu, "ufundi hauelezwi mbele ya watu."

Nao watu wakanizomea mimi.

Tulikuwa bado njiani kurudi nyumbani yaya alipoanguka, akazinduka kidogo, akaanguka tena. Vijana wawili wa pikipiki wakatusaidia kumfikisha hospitali. Daktari alimtuliza kwa sindano, akamrudishia vidonge na kuongeza kipimo. Nilipomweleza habari ya kibanio, hakucheka. Alisema kuna mashine ya kweli ya kuchochea mshipa wa shingo, inapandikizwa kifuani, mbali sana na kwetu.

"Na wanaoiweka wanajua mapema itamsaidia nani?"

"Wanatafuta dalili. Kuna wanaopata nafuu kubwa, kuna wasiopata kitu. Kujua kabla ni kazi ngumu, bado wanaichunguza."

Mtu aliyesoma miaka yote ile anakiri hajui, na mwenye kibanio anajua yote kwa kushika sikio.

Kiangazi kilichofuata fundi alirudi, ua uleule. Yaya alikuwa amekaa miezi mitatu bila kuanguka. Akajifunga kitambaa kipya, akaenda kukaa kwenye foleni bila kuniambia; mimi nilimkuta tayari sikio lake limeshikwa.

"Unaangukaka mara ngapi?"

"Miezi tatu sijaanguka."

"Mushipa unakubali!"

Yaya akauondoa mkono wa fundi sikioni, akawageukia watu. "Mwaka jana alisema mushipa yangu umekufa. Dawa ya hospitali ndiyo ilinisaidia, na nilikuwa nimeiacha kwa ajili yake."

Fundi akasema mshipa unaweza kufufuka. Nilidhani watacheka. Wakaitikia "Ndiyo!" na foleni ikasogea mbele, kila mmoja akifuta sikio lake kwa ncha ya nguo, awe tayari. Sijawahi kuona ujinga uliojipanga vizuri namna ile.

Ni mama mmoja tu aliyeinuka, mgeni kutoka Kabambare, amebeba binti yake mgongoni.

"Dada," akamwambia yaya, "hospitali iko upande gani?"

Yaya hakumwonyesha kwa kidole. Alichukua kikapu chake, wakaenda pamoja.