Mbingu isiyo na bahari: swali la Mama Neema wa Shangani

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyashuhudia mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Singida, kazi imenileta Mtwara. Jumuiya yetu hapa Shangani tunasoma Biblia nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba ndiye anachagua sura.

Tulikuwa kwenye Ufunuo. Zamu ikaangukia familia iliyotoka kupata mtoto. Wakasema jamani, sura ya ishirini ina hukumu na moto, leo tunashukuru, tuiruke. Nani abishe na pilau linanukia?

Tukasoma ya ishirini na moja. Mbingu mpya, nchi mpya, na bahari haipo tena.

Mama Neema, mwanajumuiya mwenzetu, akauliza, "Sasa mume wangu nitampata wapi?"

Mumewe alikuwa anafanya kazi bandarini, akaanguka majini, mwili haukuonekana. Kaburi hana. Huyu mama akitaka kumwombea marehemu anashuka ufukweni.

Katekista akajibu, "Hiyo ni symbol tu, mama."

"Symbol ya nini, na mtu wangu yumo mle?"

Akajifunga kanga, akaondoka. Kwenye jumuiya akaacha kuja kabisa.

Aisee, lile swali lilininyima raha. Nika-google, nikasoma commentary. Wengi wanasema bahari pale ni symbol ya vurugu na utengano, kwa sababu mwandishi alikuwa kifungoni kisiwani, maji yamemtenga na watu wake. Nikaipenda sana hiyo. Lakini utamwambiaje mjane kwamba alipolala mumewe ni vurugu?

Nikaamua kurudi kwenye sura tuliyoiruka. Loh! Imo humo humo. Kabla bahari haijaondoka, inawatoa wafu wake.

Jioni nikaenda kwake. Sikuhubiri, nilimwonyesha mstari tu. Akausoma kwa sauti, akaurudia polepole.

"Kwa hiyo haiondoki naye, Mwalimu?"

"Haiondoki naye, dada. Inamtoa kwanza."

Akalia sana. Na mimi machozi yakanitoka, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: ukishamwambia mtu "ni symbol tu", hujamjibu kitu. Muulize kwanza yeye anaona nini pale, halafu someni wote, hata zile sura zinazotisha.

Wajuzi wa Maandiko, na ninyi mliozaliwa pwani, bahari ile mnaielewaje? Shusheni nondo, nasoma zote.

Mama Neema naye anasubiri niende kumsomea majibu yenu.