Katambuga za Tairi la Theluji

Nianze na ujinga wenyewe, maana hata nikiuficha mtaufikia: nilikata tairi la mjomba nikatengeneza viatu vya katambuga. Na si tairi bovu. Lilikuwa tairi zima, lenye meno, limefunikwa magunia stoo kwetu kama mgonjwa asiyetakiwa kupigwa upepo. Nililikata mwezi wa nne, na mpaka mwezi wa sita nilikuwa bado nacheka.

Mjomba ni mdogo wake mama. Walizaliwa sita, wamebaki wao wawili. Mama alimlea kwa kumbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado ni mtoto wa kubebwa, kwa hiyo kwetu mjomba alikuwa mfalme. Akija, kuku anachinjwa, na paja ni lake. Mimi niliyemkimbiza huyo kuku uwanja mzima napewa shingo. Shingo zile nilikuwa nazihesabu.

Kazi yake ilikuwa kuendesha Landrova ya mradi wa pareto, huko juu milima ya Uporoto. Kila asubuhi anashuka na magunia kuja Mbeya, jioni anapanda. Waliolala huko mwezi wa sita wanajua: ukiamka, majani ni meupe na ndoo ya maji ina kifuniko ambacho hukukiweka wewe. Njiani kuna mteremko mmoja mrefu ambapo maji ya chemchemi yanakatiza barabara. Usiku yanaganda. Kulia ni ukingo wa mlima, kushoto hakuna kitu, ni hewa tu, na chini kabisa mabati ya nyumba za watu. Mama alikuwa hauiti kwa jina mteremko ule. Alikuwa anasema "pale." Mjomba akichelewa nusu saa, mama anatoka nje anasimama kuangalia barabara: "Au kuna kitu pale?"

Sasa, mradi ulikuwa na mtaalamu mmoja, mzungu kutoka nchi ya theluji. Aliposikia anapelekwa Afrika, milimani, hakumwamini mtu. Akapakia melini matairi manne ya theluji. Watu walimcheka mpaka mwezi wa sita ulipofika. Alipomaliza mkataba wake alimwachia mjomba yote manne. Yalikuwa na meno mapana, na kati ya meno vichwa vidogo vya chuma vilivyochomoza kama chunusi. Mjomba aliyafunga kila mwezi wa sita, akayafungua wa nane, akayaosha kwa sabuni ya kufulia, akayaleta stoo kwetu, kwa sababu stoo ya mradi aliisema ina mikono mingi. Gari likipita uani kwetu liliacha alama ambayo hakuna gari jingine lililoiacha, mistari yenye vidoto vidoto. Mjomba alikuwa anatuita tuione.

"Tazameni. Kanga kapita hapa."

Mama anacheka. Kila mwaka utani ule ule, na kila mwaka anacheka.

Mimi nasoma sekondari Iringa, bweni. Kutoka bweni kwenda bwalo ni mlima wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unakuwa kamasi. Viatu vyangu vilikuwa vimeisha kwa chini, vilibaki vya juu tu, kwa heshima. Niliporudi nyumbani likizo fupi ya mwezi wa nne nikaingia stoo kutafuta kamba, nikayaona yale matairi yamelala. Nikapiga hesabu ya kidato cha tatu. Landrova ina fowili: unasukuma kile kirungu cha njano, magurudumu yote manne yanavuta. Gari linalovuta kwa miguu yote minne linataka viatu maalumu vya nini? Huo ni ulafi. Mimi nina miguu miwili, na yote inateleza.

Nikalitoa moja mchana kweupe, nikalisukuma barabarani kwa kijiti kama watoto wanavyosukuma ringi. Hakuna aliyeuliza. Ukitaka kuiba kitu kikubwa, kichezee.

Fundi katambuga wa sokoni Uyole alilishika, akalinusa.

"Hili jipya, kijana. Umelitoa wapi?"

"La marehemu, baba."

"Marehemu gani?"

"Gari."

Akachukua kisu, akakichovya kwenye maji. Tulielewana: mimi jozi moja, yeye salio lote. Nilimwambia vile vichwa vya chuma asiving'oe.

Shuleni Iringa nikawa mtu. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha, na kila saa ya uji nilikuwa nawahi kusimama katikati ya mlima, mikono mfukoni, kuangalia wenzangu wakianguka. Nilikuwa natangaza kama mpira unavyotangazwa redioni. "Anakuja, anakuja, amemkwepa mmoja, looo! Chini!" Kuna mmoja mnene, mpole, mtoto wa katekista, zamu yake ya kubeba sufuria ya maharage ilifika siku ya mvua kubwa. Nilimwambia, "Pita hapa kaka, pakavu." Hapakuwa pakavu. Alishuka na maharage yote mpaka kwenye ukuta wa bwalo, na jino la mbele likabaki kwenye sufuria. Bweni zima lililala njaa na bado lilicheka. Yeye mwenyewe alicheka, damu mdomoni, kwa sababu asingecheka tungemcheka zaidi.

Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza. Kwenye tope zile katambuga zilishika kama kupe. Lakini bwenini, kwenye sakafu ya saruji, nilianguka mara mbili. Na mara zote mbili nilikuwa nimeshika mwendo vizuri kabisa. Kilichonishinda ni kusimama.

Mwezi wa sita nikarudi Mbeya likizo. Kesho yake mjomba akaja kuchukua matairi yake. Mimi nimekaa jikoni na mama, namenya viazi, katambuga nimezichomeka juu kwenye paa la nyasi la jiko. Tukasikia magunia yanavutwa stoo. Kisha kimya. Kisha yanavutwa tena.

"Dada! Matairi ni matatu."

"Hesabu vizuri."

"Dada, mimi ni dereva. Mpaka nne najua kuhesabu."

Mama akanitazama. "Wewe. Tairi la mjomba wako liko wapi?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema, ningepigwa, ningevimba, ningepona. Niliendelea kumenya kiazi.

"Mimi? Nimekuja jana mama. Tairi nilile?"

Mjomba alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Hakukasirika, alikuwa anafikiri tu. Yale matairi mengine ya gari yalikuwa yamebaki upara, unaweza kujitazama ndani yake ukachana nywele, na mapya mradi ulikuwa umeyaomba toka mwaka jana. Akasema labda asubiri wiki mbili, aombe ruhusa, huenda mapya yakafika.

Na mimi, kwa sababu mama alikuwa bado ananitazama, nikafungua mdomo.

"Mjomba, si ina fowili? Itavuta tu."

"Kuvuta itavuta, mjomba," alinijibu. Sisi tunaitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba. "Mashine inakusaidia kwenda. Kusimama ni tairi."

"Basi weka mawili. Mbele, kwenye usukani. Nyuma inafuata mbele, itakwenda wapi?"

Akacheka. "Haya, mwalimu."

"Au umeanza kuogopa, mjomba? Umezeeka?"

Nilisema hivyo mbele ya dada yake. Mtu aliyebebwa mgongoni na dada yake hawezi kukubali mbele yake kwamba anaogopa. Nilijua, ndiyo maana nilisema. Mama akasema, "Usimsikilize huyu, subiri." Lakini mjomba alikuwa ameshasimama, anakunja mikono ya shati. Akafunga mawili mbele, ya upara yakabaki nyuma, la tatu akalirudisha stoo, na nilimshikia spana mimi mwenyewe.

Siku nne alipanda na kushuka salama. Mimi nikawa namwambia mama, "Si mnaona?"

Siku ya tano wachumaji wa pareto waliona. Walisema gari lilikuja polepole, vizuri, mbele imeshika. Lilipofika kwenye maji yaliyoganda mjomba akagusa breki kidogo, na nyuma, ile ambayo mimi nilisema itafuata, ikakataa kufuata. Ikatoka pembeni, ikaja kutaka kuipita mbele. Landrova ikageuka taratibu, wakasema, kama mtu anayegeuka kuitika jina lake. Mjomba akaukatia usukani kulia, kwenye mlima, ili asiende kushoto kwenye hewa. Aliuchagua mlima. Mlima ukaingia na mlango na ukaukuta mguu wake wa kulia.

Daktari aliukata chini ya goti.

Tulikwenda hospitali, mama amebeba uji. Mjomba alikuwa amelala na shuka limetuna upande mmoja, upande mwingine limelala. Kwa mara ya kwanza toka nizaliwe sikuwa na mzaha. Yeye alikuwa nao.

"Mjomba," akaniambia, midomo imekauka, "ulisema kweli. Kuvuta, ilivuta."

Mama alimlisha uji kijiko kwa kijiko, kama mtoto. Njiani kurudi alitembea mbele, mimi nyuma, na nilipoona anapita pembeni ya kila jiwe nikajua anafikiria mtu mwingine atapitaje hapo.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na la kusema juu ya mwizi wa tairi. Mwanamke jirani alimwombea akatike mikono. Mimi nikaitikia amina.

Wiki ya pili asubuhi baridi ilikuwa kali, uani vumbi limepoa kama bati. Nilitakiwa kwenda bombani. Mama alikuwa bado amelala, au nilidhani amelala. Nikasema moyoni, ni hatua thelathini tu. Nikazichomoa katambuga kwenye paa, nikavaa, nikaenda, nikarudi na ndoo, nikazichomeka tena. Nikaingia ndani kujifunika.

Mama anafagia uwanja kila asubuhi. Nilisikia ufagio unaanza mlangoni, shwaa, shwaa, ukaja mpaka katikati, ukakoma. Sikuusikia tena. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Alikuwa ameinama juu ya vumbi, mkono mmoja kiunoni. Mistari, na vidoto vidoto. Kutoka jikoni mpaka barabarani, na kutoka barabarani mpaka jikoni. Akazifuata alama taratibu, bila kuzikanyaga, mpaka chini ya paa. Akanyoosha mkono.

Nilingoja aniite. Hakuniita. Alimaliza kufagia, lakini zile alama hakuzifagia, alizizunguka. Akapika chai. Akaninywesha chai! Na siku iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Nilizoea kufikiri kipigo ndicho kitu kibaya.

Juma lililofuata habari ikaja kwamba mjomba anaruhusiwa. Jioni mama alitoka jikoni na katambuga zote mbili mkononi, ameziosha kwa sabuni ya kufulia. Akaziweka mezani mbele yangu, na kisu juu yake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaagiza chumvi.

"Kesho mjomba wako anatoka," alisema. "Hiyo ya kushoto ipunguze kisigino, mguu wake mdogo kuliko wako. Ya kulia vaa wewe."