Kidevu Kikishuka, Nafungua

Habari za mpwa wangu usizichukue kwa hao wanaoandika magazetini. Wao walikaa viti vya nyuma, mimi nilikuwa jukwaani. Tena na suti. Kwa miaka kumi na moja mpwa wangu hakupiga piano mbele ya watu bila mimi kukaa kushotoni kwake, nikimfungulia kurasa.

Nyumbani tunamwita Vidole. Mama yake, dada yangu mkubwa, ni fundi cherehani. Alipata kazi ya kushona mapazia ya chuo cha muziki, akaenda kupima madirisha na binti yake wa miaka sita. Dada yuko juu ya ngazi, futi kamba mdomoni, mtoto akapanda kwenye kiti cha piano. Mwalimu wa piano, mama mmoja asiyecheka hata akitekenywa, akaingia mbio kuona nani anachezea mali ya chuo. Akasimama mlangoni, akasikiliza, kisha akamwambia dada: "Mapazia lete wiki ijayo. Huyu mlete kesho."

Hapo ndipo na mimi nilipoingia kwenye historia. Miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia, na mimi ni seremala, nikamtengenezea kigoda cha kukanyagia. Piano nyumbani hatukuwa nayo, kwa hiyo nikamchorea vibao vyeupe na vyeusi kwa chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa. Dada anakata gauni upande huu, mtoto anapiga meza upande ule, kimya kabisa. Wageni walidhani ana ugonjwa.

Alipofika miaka kumi na sita alikuwa amewaacha wenzake mbali. Sasa, kazi yao ina sheria zake. Anayesindikiza mwimbaji au mpiga fidla kwa piano anaruhusiwa karatasi za noti. Anayepiga peke yake, au akiwa mbele ya okestra nzima, ni lazima awe na muziki wote kichwani. Usiniulize nani aliamua. Siku ya maonyesho ya chuo, katikati ya kipande kirefu, Vidole akasimamisha mikono hewani kama mtu aliyefika dukani akasahau ametumwa nini. Akasubiri. Hakikuja kitu. Akainuka, akatoka, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Tangu siku hiyo, bila karatasi hapigi. Akawa msindikizaji, tena wa kutafutwa. Waimbaji walipigana vikumbo kumpata. Lakini jina lake kwenye matangazo lilikuwa chini kabisa, herufi za saizi ya chawa.

Miaka minne ya kwanza wafungua kurasa aliwafukuza. Wa kwanza alikuwa anapumua. Wa pili alinukia. Nikamwambia mimi nipo. "Mjomba, noti husomi," akasema. Kweli, shule niliiacha ilipoanza kuniuliza maswali. Lakini tukapatana: yeye akishusha kidevu, mimi nafungua. Miaka kumi na moja, kidevu kikishuka, nafungua. Sijawahi kukosea hata mara moja, na aseme anayebisha.

Basi akaja mpiga fidla mmoja mkubwa, wa kupiga kwenye ukumbi mkuu wa jiji, akamtaka Vidole amsindikize. Mkurugenzi wa ukumbi, mama wa miwani minene, akamwita mpwa wangu ofisini. Alitaka mtu wa kukaa mbele ya okestra msimu mzima ujao.

"Kupiga unajua," akamwambia. "Bila karatasi, unaweza? Nijibu baada ya onyesho. Ukikataa nampa mwingine, na sitarudi kukuuliza."

Kwenye chumba cha kuvalia nikamuuliza atamjibu nini.

"Hapana."

"Mbona mapema hivyo?"

"Miaka kumi na tano si mapema, Mjomba. Funga tai yako, imekaa kama ulimi wa mbuzi."

Mazoezi yao sikuhudhuria. Nilikuwa na mlango wa mtu, na mazoezi ni ya wanaokosea. Kumbe na fidla mambo ni tofauti. Mwimbaji huvuta pumzi, Vidole anamfuata. Mpiga fidla yeye ndiye anayeifuata piano, na ishara ya kumwingiza ni ipi? Kidevu. Vidole anasema aliniambia mara tatu kwamba safari hii kidevu si changu. Mimi nakumbuka mara moja, tena nilikuwa nakula.

Tukaanza. Kidevu kikashuka, fidla ikaingia, nami nikafungua. Vidole akanitupia jicho lile la mama yake mkasi ukipita pasipotakiwa. Nikajiambia, nimechelewa. Kidevu cha pili nikafungua haraka zaidi. Cha tatu, vidole vyangu vimelowa jasho, kurasa nne zikaenda pamoja. Nikataka kuzirudisha, kitabu kizima kikateleza, kikaanguka chini kwenye kanyagio, kati ya viatu vyake. Nikainama.

"Mjomba, kaa," akasema bila kufungua mdomo.

Nikakaa. Muziki ulikuwa haujakatika bado, lakini dakika kumi na nane zilikuwa mbele yetu, na pale pa kuwekea kitabu palikuwa patupu kama kiganja changu.

Kuna mahali fidla inanyamaza, piano inabaki peke yake. Napajua kwa sababu nyumbani akifanya mazoezi, hapo ndipo mimi hupiga chafya. Tulipofika, mikono yake ikapanda juu, ikasita. Mpiga fidla naye nikaona ameshusha fimbo yake, anamtazama. Nikauona mguu wa Vidole ukikisogeza kile kitabu pembeni, polepole, kama mtu anayemsukuma paka asimkanyage. Kisha mikono ikashuka, na haikusita tena mpaka mwisho.

Watu waliposimama kupiga makofi, na mimi nikasimama, nikainama nao. Nyuma ya pazia mpiga fidla akanijia.

"Wewe ni nani hasa?"

"Mjomba wake."

"Nilidhani umetumwa na maadui."

Dada anasema niombe radhi. Niombe kwa lipi? Mwalimu wa piano alijaribu miaka kumi kumtoa kwenye karatasi, akashindwa. Mimi nilitumia dakika mbili.

Mama wa miwani akatufuata hapohapo. Vidole alikuwa na koti begani, jasho linamtiririka.

"Nakusikiliza," mama akamwambia.

"Ndiyo," akasema Vidole. "Nitakaa. Ila huyu mtafutieni kiti kule kwa watazamaji."

Wakanitafutia. Safu ya tisa, nyuma ya bwana mmoja mwenye kichwa kikubwa. Kila onyesho namgusa bega nikimweleza huyo wa piano nimemlea mimi, naye kila onyesho ananiambia ninyamaze.