Chuma cha Elisifa na Jani la Isale

Pale Mwika hakuna aliyewahi kumuuzia Elisifa kitu kibovu akalala usingizi. Mkungu wa ndizi aliugeuza, akaunusa, akaubonyeza, kisha akauliza umekatwa shamba la nani. Ng'ombe wa mkopo wa kanisa alimrudisha kwa sababu hakupenda anavyotazama. Kwa hiyo ilipojulikana kwamba kitu kibovu kuliko vyote kimo ndani ya paja lake mwenyewe, watu walimhurumia, ila si kabla ya kucheka kidogo.

Aliteleza masika akitoka kukata majani ya ng'ombe, paja likavunjika. Hospitali wakasema mfupa unahitaji chuma na wao hawana, ndugu wakatafute. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilipatikana madukani isipokuwa uhakika. Elisaria, mtoto wa shemeji yake, alikuwa na duka la vipuri vya magari Njoro, pale Moshi mjini, na katika kontena moja la kutoka Dubai vilikuja pia vyuma vya kuungia mifupa. Akavipanga rafu moja na mikanda ya injini. Chuma kikanunuliwa, kikafungwa kwa skrubu, na mwaka haujaisha kikakatika katikati. Kilichomuuma Elisifa kuliko hata maumivu ni kwamba siku ile alikuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, hakupata kukikagua.

Alitaka mambo mawili: Elisaria akiri mbele za watu kwamba aliuza chuma kibovu, kisha agharamie kukitoa na kuweka kingine. Elisaria akasema chuma kilikuwa kizima, ila mama mkubwa hakutulia kitandani. Elisifa akampeleka mahakamani Moshi.

Kesi ikaenda mwendo wa kesi. Daktari aliyeweka chuma alikuwa amehamia Botswana. Wakili wa Elisaria akataka kukiona hicho chuma kinacholalamikiwa, na chuma chenyewe kilikuwa pajani mwa mdai, kinakuja naye mahakamani na kurudi naye nyumbani. Miaka ikapita hivyo, naye anachechemea kupanda na kushuka.

Kisha gari la Elisaria likapinduka karibu na Himo. Watu wakasema hayo ni machozi ya Elisifa, na aliyesema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa mama yake Elisaria. Asubuhi moja Elisaria mwenyewe akafika kwa Elisifa, ameongozana na baba yake mdogo, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba."

"Nimekosa. Naomba unisamehe."

Isale tunalipanda mipakani, mbuzi hulipita bila kulitazama. Lakini likishafungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, mambo ni mengine. Anayelileta amekiri kosa, na anayeletewa halikatai, hata kama moyo unamchemka. Elisifa akalipokea.

Ila hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kikauke bure. Siku ya kesi alilifungua kutoka kwenye khanga, akaliweka mbele ya hakimu, mtu wa Newala, mgeni wa mila zetu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ungamo lake, mheshimiwa."

Wakili wa Elisaria akasimama aseme kuwa hilo ni jani tu. Yeye naye ni mtu wa huku huku, wa Kibosho, isale analijua, na mama yake bado yu hai wa kumuuliza. Akakaa. Hakimu akamgeukia Elisaria.

"Ni isale, mheshimiwa," Elisaria akasema, macho chini. "Nililipeleka mwenyewe. Nilikosa."

Elisifa alifurahi hata akasahau mguu. Furaha hiyo haikumaliza hata dakika.

"Na wewe mama," hakimu akauliza, kwa sababu kweli hakujua, "ulipolipokea, maana yake nini?"

Wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wamejaa benchi la nyuma. Wote walikuwa wanamtazama.

"Maana yake nimemsamehe."

"Sasa unamdai nini?"

Uliyemsamehe kwa isale humdai tena; kufanya hivyo ni kujitafutia laana. Akaiondoa kesi kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumamosi ukoo ukachinja mbuzi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo ya kutosha, na wazee walisema mengi kuhusu amani, na mchungaji akaombea duka la Elisaria. Chuma hakikutajwa na mtu, maana kukitaja kungekuwa kufukua yaliyozikwa. Elisifa akaitwa anywe kata moja na Elisaria. Alipoinuka, chuma kikamchoma, akayumba. Elisaria akaruka kumdaka.

"Pole mama mkubwa! Si tumeshamaliza?"

"Mimi na wewe tumemaliza," Elisifa akasema. "Mguu haukuletewa isale."

Wazee walicheka mpaka mbege ikamwagika, wakausifu ulimi wake. Ilichukua muda kabla hawajaona kwamba analia.