Mjomba Mwenye Kofia

Mimi filamu za njama siziangalii kimya. Lazima niulize: huyu anajua nini, na yule kwa nini hasemi? Binti yangu huniambia nimezidi umbea, na hajakosea.

Jumapili hiyo mama yangu alikuwa amekuja Nachingwea kutoka Mnero. Tulikaa watatu mbele ya runinga tukibangua korosho za kuchoma. Binti alichomeka flashi yenye filamu ya zamani, picha nyeusi na nyeupe. Mume na mke wapo matembezini, wanasikia siri ya watu wanaopanga kumuua kiongozi. Ili wafunge midomo, mtoto wao anachukuliwa na bwana mmoja mwenye kofia. Msimuliaji wa Dar alikuwa ametia sauti yake juu ya ile ya kigeni, anaropoka kwa kasi, na mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alimtegemea mjukuu amnong'oneze kwa Kimwera.

Walinong'ona sana. Walicheka hata pasipochekesha. Nikaacha filamu, nikawa nawatazama wao.

"Huyo mjomba wake," mama akasema, akimwonyesha mwenye kofia. "Ona alivyomshika mkono vizuri."

Kwetu Wamwera mjomba ana neno kubwa kwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo kosa lenyewe nililielewa. Nisichoelewa ni binti yangu kuitikia, "Ee, bibi, ni mjomba."

"Mbona unamdanganya bibi yako? Huyo mtekaji!"

Wakatazamana. Nikasimamisha filamu. Humu ndani nilikuwa mimi peke yangu nisiyejua kitu.

"Mnanificha nini?"

"Mwambie mwenyewe," mama akamwambia mjukuu wake.

"Mama, mjomba anakuja Jumamosi kunichukua. Nakwenda kukaa kwake Nandagala, nitasoma kule kule Ruangwa."

Kaka yangu! Nikajua kapanga na mama, wamemrubuni mtoto wangu wa pekee. Nikashika simu nimpe vidonge vyake.

"Usimgombeze mjomba," binti akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba."

"Kwa nini?"

"Kule nyumba ina watu, mama. Hapa tangu baba aondoke tunakula wawili, na ukimaliza kula unalala. Nilijua nikikwambia utalia."

Na mimi nitakula na nani? Swali lilinifika mdomoni likanichoma. Sikuliuliza, mimi nisiyeacha swali. Nilimuuliza tu kama sanduku lake bado linafunga, akasema zipu imeharibika, nikasema tutaishonesha.

Nikaiachia filamu iendelee. Mtoto akaokolewa, mama yake akamkumbatia huku machozi yanamtiririka.

"Sasa huyu naye analia nini?" mama akauliza. "Mtoto si alikuwa kwa mjomba wake?"

Alisema hivyo akiwa ananitazama mimi.